Daftari la Wiki Moja

Siku waliyobadili mtindo hawakuaga.
Saa kumi na mbili kasorobo alfajiri, Jumatatu ya Februari,
theluji imepanda hadi vizingiti vya madirisha,
Reino Lahti alikuwa katikati ya polka,
akodiani imevuta pumzi,
na pumzi ile haikushushwa.
Kimya. Nilihesabu sekunde tatu.
Kisha sauti ya kijana wa Atlanta, iliyorekodiwa,
ikatutakia asubuhi njema
bila kujua kwamba asubuhi yetu bado ni usiku.

Mimi ni karani wa matangazo ya biashara
katika mji wa migodi iliyozibwa, kando ya Ziwa Superior:
nusu dakika kwa fundi wa mabomba,
dakika nzima kwa duka la matairi,
na kanisa la Kilutheri bure, likifiwa.

Meneja mpya, Todd Brandvold, alikuja na mchoro,
mstari umesimama kama ngazi ya zimamoto.
"Miaka ishirini na mitano hadi hamsini na minne," alisema,
"hao ndio wasikilizaji."
Wengine, basi,
ni watu wenye masikio tu.

Takwimu za masika zikaja:
kutoka nne nukta mbili hadi tano nukta sita.
Tulikata keki. Sitadanganya, nami nilikula.
Kiangazi, tatu nukta tisa.
Vuli, mbili na vijisenti.
Todd akasema sampuli ni ndogo,
akabadili jina la steshini, akapaka gari rangi ya machungwa.
Kipya kinyemi, ingawa kidonda.
Na siku daraja lilipofungwa kwa barafu
redio yetu ilikuwa ikisimulia foleni
ya mji ambao haujui koleo la theluji.

Desemba akaingia Aune Keranen,
miaka themanini na miwili, viatu vinadondosha maji kwenye zulia.
Wahesabuji walikuwa wamemchagua,
wakamtumia daftari la wiki moja, na dola mbili za kumshukuru.
Anwani yao ilikuwa ya herufi ndogo mno,
kwa hiyo alilileta kwetu.
Nililifungua. Haikuwa haki yangu.

*Jumatatu, saa kumi na mbili hadi saa tatu: Reino.*
*Jumanne: Reino.*
*Jumatano: Reino. Saa moja umeme ulikatika, nikaendelea.*
*Alhamisi: Reino. Kwenye tanzia amekosea tena jina la Wilho.*
*Ijumaa: Reino, lakini nilisinzia.*

Nilimwambia, Mama, Reino hayupo.
Ni miezi kumi sasa.
Anapima misumari kwenye duka la vifaa, mtaa wa pili.
Akavua glavu moja, akanitazama
kama mtu anayemtazama mtoto anayesoma kwa kidole.
"Wameniambia niandike ninachosikiliza," alisema.
"Hawakuuliza kama kiko hewani."

Nilibandika stempu. Nililipeleka posta mwenyewe.
Sijui wahesabuji walilifanyia nini;
labda kuna kikapu cha madaftari kama hayo,
labda kuna mtu, ghorofa ya tisa, aliyecheka, kisha akaacha kucheka.
Takwimu za baridi zilipofika tulikuwa na moja nukta nane,
na Todd alikuwa anatafuta kazi Fargo.

Dola mbili alikataa. "Mpe Reino," alisema.
Nikampelekea wakati wa chakula cha mchana.
Alikuwa na aproni, vidole vina mafuta ya kutu.
Hakuuliza habari za steshini,
wala nani anasikiliza nini, wala asilimia.
Aliuliza, "Wilho nilimkosea vipi?"
Nikamwambia sijui, hakuandika.
Akatoa penseli sikioni,
akageuza kifuniko cha boksi la misumari ya inchi tatu,
akaandika *Wilho*,
akalitamka polepole, mara mbili,
mteja akisubiri.