Safi, au Iliyochakaa

Kila anayeagiza namuuliza hilo kwanza,
kabla ya jina, kabla ya pesa:
unaitaka safi, au iliyochakaa?

Safi ni bastola siku yake ya kwanza kazini,
imetoka bohari ya jeshi lisilowahi kuwapo,
haijadondoka, haijamkosa mtu.
Kipya kinyemi, wanasema, ingawa kidonda;
na hii yangu haimtii mtu kidonda,
ni resini, sumaku mbili, na skrubu za saa.

Iliyochakaa ina bei zaidi.
Naam, hapa Port Talbot uzee unalipiwa,
kwenye kibanda changu, mvua ikinisimanga juu ya paa.
Nanyunyiza chumvi ya mezani juu ya rangi ya fedha,
napuliza nyeusi, nangoja ikauke,
kisha naibandua chumvi kwa ukucha:
vita vya miaka ishirini kwa dakika arobaini.
Vumbi la penseli kwenye kingo. Basi.

Vijana huchakaza kila mahali, kama upele.
Mimi nilikaa miaka thelathini na mmoja kwenye tanuri la chuma
mpaka walipolizima,
najua chuma huliwa wapi:
pale mkono unaporudi.

Eluned Prosser alikuja Jumanne, mwavuli umepinduka,
kifuani amekumbatia boksi la viatu.
Ndani, bastola ya nahodha
wa ile filamu ya anga iliyoonyeshwa wiki tatu tu
enzi tulipoona ubao uliopakwa rangi, tukaamini ni chombo.
Kazi ya kaka yake, Ieuan.
Nilimjua: zamu ya usiku, mzaha mwingi,
mikono isiyoumbiwa brashi.
Kutu ya rangi ya chungwa, juu ya plastiki!
Mikwaruzo imepangwa kama meno ya kitana,
na tundu la risasi mahali ambapo
ingekuwa imempata mwenye bastola kwanza.
Nikacheka. Naye akacheka, kisha akaacha.

"Ifanye safi," akasema.
"Kama ilivyokuwa kabla ya yote."
Yote yapi, sikuuliza.

Msasa laini, maji, sabuni ya vyombo.
Kutu ya Ieuan ikageuza beseni kuwa chai.
Nikaziba tundu. Nikafuta kitana.
Halafu kwenye kishikio, upande wa kulia,
pakanitazama doa linalong'aa,
rangi imelika mpaka kijivu cha chini,
kingo zake laini kama peremende iliyonyonywa.
Chumvi haikupita hapo. Wala brashi.
Nikajaribu dole gumba langu: la kulia halifiki,
la kushoto likalala pale, likabakiza nafasi pande zote.

Lakini Ieuan hakuwa wa shoto.

Nikampigia simu dada mtu.
Redio nyuma yake ilikuwa inasoma hali ya hewa,
upepo wa kusini-magharibi, mvua, mvua.
"Mkono wa kulia ulikuwa na dripu," akasema.
"Wauguzi walimwachia. Alikuwa anasugua tu,
usiku kucha, anasugua,
kama mtu mwenye njiti moja ya kiberiti."
Kisha: "Kwani panaonekana?"

Nikasema, kidogo.

Nilikata utepe, mdogo, wa duara,
nikakosea, nikakata mwingine mkubwa zaidi.
Nikafunika pale. Nikapuliza nyeusi mpya mara tatu,
nyembamba, kama inavyotakiwa,
nikaubandua utepe taratibu kabla rangi haijakaza.

Sasa imekauka. Inang'aa kama mwanafunzi wa siku ya kwanza,
na atakuja kuichukua saa kumi.
Stakabadhi yangu ina visanduku viwili vya kutia tiki,
mimi mwenyewe niliichapisha hivyo,
miaka sita iliyopita, nikiona nimemaliza kila kitu.
Kalamu ninayo.
Chai imepoa.
Saa tisa na dakika hamsini.