Bidoni ya Bibi

Tulilipa franka elfu mbili langoni,
mlinzi akatuandika kwenye daftari la shule:
Cibalonza, bibi. Nsimire, mjukuu. Bidoni moja, tupu.
"Bidoni ya nini?"
Bibi akajitia uziwi.

Ndani, vigohwa vimepangwa kama askari wa zamani,
na katikati bwawa, kimya,
limeilaza nyumba ya mwami chali,
madirisha yote yakitazama mawingu.
"Maji haya hayachotwi," mlinzi alisema. "Yanatazamwa."

Kwetu Kadutu bomba lina wiki ya tatu linakohoa hewa.

Bibi hakuitazama nyumba. Alipiga magoti
akapapasa ukingo, jiwe kwa jiwe,
hadi moja lililokaa upandeupande.
"Hili aliliweka baba. Siku hiyo alikuwa hajala."

Mlinzi akazama katika kuhesabu noti zake.
Bibi akazamisha bidoni:
glu, glu, glu.
Paa likapasuka, nguzo zikayumba,
ikulu nzima ikaingia kwenye ile shingo nyembamba.

Langoni niligeuka.
Nyumba ilikuwa imesharudi majini, imetulia,
ila imeshuka, nadhani,
kidole kimoja.