Mdaiwa wa Ukurasa wa Mwisho

Mama aliuza makala Katuba, mlangoni petu,
kwa kopo lililobonyea ubavu mmoja,
na kila kopo la mkopo aliliandika
kwenye daftari la shule la kaka yangu Monga,
katika kurasa ambazo Monga hakuwahi kuzifikia.

Mwandiko wake ulikuwa mnene, wa mtu aliyejifunza ukubwani.
Mama Kyungu, makopo matatu.
Fundi viatu, mawili, atalipa Jumamosi.
Mwalimu wa hesabu, tisa.
Hapo penseli ilikandamizwa
hadi tisa ile ikasomeka kwa vidole upande wa pili.

Baba alifanya kazi karakana ya reli.
Niseme vizuri: aliendelea kwenda.
Miezi ishirini na saba bila mshahara
alivaa ovaroli iliyopigwa pasi,
akabeba kisanduku cha chakula kisicho na chakula,
akarudi jioni mikono safi.
Usafi ule ndio uliomtia aibu.
Tulikula bukari na matembele,
naye alisema ameshiba kabla hatujanawa.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu
nilipofungua daftari kwa nyuma
nikitafuta karatasi ya kuwashia moto.
Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mdaiwa mmoja.
Mungu.

Chini yake, kwa mpangilio uleule:
Mshahara wa Ngoie, miezi 27.
Mguu wa mama yangu.
Bati tatu, zile zilizochukuliwa na upepo.
Mvua, lakini si juu ya magunia.
Monga.

Siku ya kulipa haikuandikwa.

Niliogopa. Kwenye shirika tulifundishwa
kwamba wadeni ni sisi, Yeye ndiye anayesamehe.
Nikamwuliza Mama, alipokuwa akichekecha chenga,
kama hamwogopi.
Akakohoa vumbi jeusi, akacheka.
"Mtu usiyemwamini humkopeshi," akasema.
"Humwandiki hata. Unamwambia: leo makala yamekwisha."

Miaka ikaenda jinsi inavyoenda kwetu,
si kwa kalenda, kwa viatu.
Bati zikapatikana. Mbili.
Akaandika: amelipa mbili.
Bibi akafa na mguu wake uleule,
na Mama, ametoka makaburini, kitambaa hajafungua,
akachora mstari juu ya mguu, akaandika pembeni:
ameuchukua mwenyewe.

Baba naye, asubuhi moja ya kiangazi, baridi kali,
aliiacha ovaroli msumarini,
akaomba sindano ndefu
akaketi kushona midomo ya magunia.
Jioni mikono yake ilikuwa myeusi hadi viwiko.
Alimega bukari kama bwana harusi.
Mshahara wa reli haujaja hata leo.

Juu ya Monga hakuna mstari.
Homa ya siku nne; hospitali ilitaka pesa kwanza.
Pale kwenye jina lake karatasi imekuwa laini kama kitambaa,
alifuta, akaandika, akafuta, akaandika,
na siku aliyoacha kufanya hivyo
jina lilikuwa limeandikwa.

Sasa ninauza mimi, kwa kopo lilelile.
Ninajua wapi limebonyea; ninaongeza konzi moja juu.

Jana, giza likiingia,
mwalimu wa hesabu alikuja na fimbo,
mzee, macho yamefunikwa na utando,
akafungua leso akatoa noti zilizokunjwa.
Makopo tisa, kwa bei ya leo.
Nikamwambia Mama ana miaka sita udongoni.
"Najua," akasema. "Nilikuwa sina. Sikusahau."

Nilimpa maji. Nikafuta tisa.
Kisha nikageuza daftari,
nikaukalia ukurasa ule kwa muda mrefu,
penseli mkononi, bila kuandika kitu.

Majirani wakazima taa, mmoja mmoja.
Mimi nilichelewa kufunga mlango.