Pangaboi Linalokula Upepo

Kiuyu wanaliita pangaboi.
Walioanza ni watoto, watu wazima wakafuata,
nami nimechoka kusahihisha:
pangaboi hula umeme likatoa upepo,
hili langu hula upepo, na umeme
hulitoka kwa kusitasita,
kama mtu anayelipa deni la zamani.

Fundi Haroub alikuja na karatasi ya mauzo.
Humo upepo haupumziki.
Humo kila mwezi ni Julai
na bahari haina chumvi.
Nikamwuliza, “Na maleleji umeyaweka wapi?”
Akaomba maji ya kunywa.

Basi nikachukua daftari langu la mwani,
nikaligeuza juu chini, nikaanzia nyuma.

Mtambo: milioni tatu na laki nne.
Betri mbili, nzito kama maiti: milioni moja na laki tatu.
Nguzo, waya za kuishikilia, saruji, kokoto:
laki saba na elfu themanini.
Meli, na wachukuzi wa Mkoani
waliodai mzigo una ncha: laki na arubaini.
Haroub na kijana wake, siku tatu,
wali wangu haumo: laki na themanini.
Jumla milioni tano na laki nane.
Niliiandika kwa penseli.
Wino ungenitisha.

Kusi ikaingia.
Mabawa yakapotea machoni, ikabaki sauti,
cherehani ya jirani asiyelala.
Simu ishirini kwa siku, mia tatu mia tatu,
na taa ya Mbarouk ninayoichaji kwa changu wawili.
Mwezi: laki na tisini.
Kaskazi ina adabu zaidi: laki na thelathini.
Na baina ya pepo hizo, miezi mitatu yote,
bawa limening’inia kama mkono wa mgonjwa.
Elfu ishirini na mbili,
na hizo ni za kuzikamua betri.

Chumvi nayo ina hisa yake.
Beringi, grisi, rangi ya kuzuia kutu:
laki mbili na elfu kumi na sita kwa mwaka.
Nikatoa. Nikagawa.
Nikagawa tena kwa kuwa sikuamini:
miaka minne na miezi mitano, mtaji umerudi.
Haroub akacheka.
Nikamwambia, betri zako hufa mwaka wa nne.
Ongeza mwaka.
Akaacha kucheka.

Mpaka hapo hesabu ni safi.
Hata Sabiha wangu anayesoma Wete
kaipitia, kaweka vema kila mstari.
Mmoja hakuuona. Sikuuandika.

Nusu ya pesa ni mwani na kikoba.
Nusu ya pili ni mikarafuu ya mama kule Mzambarauni,
miche ishirini na saba,
rehani kwa Shaame Kai, misimu mitatu.
Na msimu wa kwanza tu, Mungu hana mshauri,
ikazaa mpaka matawi yakalala.
Nilipita barabarani nikayaona majamvi yake,
leo mabichi, keshokutwa kahawia,
na harufu ikapanda gari pamoja nami
isilipe nauli.
Ile nayo gharama.
Niitie safu gani?

Jana kaja Bi Chumu, ana mafao ya marehemu mumewe,
hajui ayatie wapi.
“Linalipa?” akauliza,
nalo juu ya vichwa vyetu linajizungusha,
linajitapa mbele ya mgeni.
Sikusema ndiyo, sikusema siyo.
Nikampa daftari, nikamwonyesha pa kuanzia, nyuma.
Kisha nikamwambia, rudi Novemba,
maleleji yakishatuama.
Mume hatazamwi siku ya harusi, Chumu.
Mtazame siku hana kazi.