Mara Mbili Tu

Siku ya mazishi mhubiri alimjengea baba jumba:
vioo, ngazi za dhahabu, vyumba hadi akaishiwa vidole.
Mama akaninong'oneza, "Na nani atafagia?"

Baba, Lusangija wa reli, aliyegeuza njia
miaka thelathini na minne hapa Tabora,
hii ya Mwanza, hii ya Kigoma,
hakuwahi kumiliki hata kitasa.
Nyumba ya shirika waliichukua pamoja na ufunguo wake.
Akafia Isevya, chumba cha kupanga,
kodi imelipwa miezi mitatu mbele,
ametumia mmoja.

Ndiyo maana usiku huu, umeme umekatika,
nimewasha kibatari juu ya kamusi ya Kigiriki
niliyoazimwa na Mchungaji Kapela: nakala ya nakala,
kila ukurasa una kivuli cha kidole cha mtu.
Nasoma kama mtoto wa chekechea,
mi, omikroni, ni, eta.
Monee.
Shina lake liko kurasa kadhaa nyuma: menoo.
Nilicheka peke yangu. Niliona meno,
yale mawili ya baba yenye mwanya.
Kumbe ni kitenzi. Nakaa. Nabaki. Siondoki.
Jumba halimo. Ngazi hazimo.
Yumo mtu aliyetua mzigo.

Na chini, kwa herufi za kuumiza macho:
pia kituo,
pahali msafiri anapolala kabla ya kuendelea.

Kituo!
Nikamtikisa Mama begani.
"Kigiriki hakisemi jumba, Mama, kinasema kukaa!"
Hakufumbua macho.
"Na Kiswahili kimesema nini siku zote?
Ma-ka-o.
Ulidhani yametoka wapi, sokoni?"

Nikarudi mezani na aibu yangu.
Pembeni mwa ukurasa Mchungaji ameandika kwa risasi:
neno hili limo mara mbili tu
katika Agano Jipya zima, tena sura ile ile moja.
Mara ya kwanza tunaokwenda ni sisi.
Ya pili, mistari ishirini na mmoja baadaye,
wanaokuja ni wao, Baba na Mwana,
wafanye makao kwake yeye apendaye.

Kwake wapi? Humu?
Kitanda kimoja, ndoo,
dumu la asali ya Sikonge tunayouza kwa vikombe,
kofia ya reli msumarini.

Nimelikodolea neno mpaka utambi umeanza kunuka.
Sijui kama baba amefika
au amepumzika tu njiani.
Eta ya mwisho haisemi.

Saa tisa treni ya Kigoma ikapiga honi,
imechelewa, kama ilivyo desturi yake,
na Mama, katikati ya usingizi, akasogea ukutani
kama alivyokuwa akisogea baba akitoka zamu ya usiku,
akaacha nafasi.