Mita Mia Mbili

Jumatatu usiku bosi alipiga simu:
kesho mkaguzi anakuja.
Tukamwamsha Obbo, akafungua stoo,
zikatoka kofia ngumu arobaini na moja
zingali ndani ya nailoni,
zinanuka duka.

Alfajiri tulinyunyizia barabara maji
mpaka vumbi likalala kama mtoto aliyekaripiwa.
Tukalipaka rangi upya fuvu la hatari
mlangoni pa ghala la baruti.
Sanduku la huduma ya kwanza tulilikuta na panya;
tukamtoa panya, tukatia bendeji.
Oketcho, aliyeacha vidole viwili kwenye krasha mwezi wa tatu,
alitumwa Tororo mjini kununua chumvi,
na asirudi kabla ya saa kumi.

Mimi ni karani. Kazi yangu ni faili.
Faili langu halina vumbi:
kibali cha mazingira, nakala tatu,
leseni ya baruti, muhuri wa zambarau,
risiti za ada zimesimama kwa tarehe
kama wanafunzi kwenye gwaride.
Ukitaka kujua wema wa machimbo yetu
usiutazame mlima.
Soma faili.

Bi Kabasinguzi alishuka na buti zake mwenyewe,
zimelika kisigino upande mmoja.
Chai akaikataa. Soda akaikataa.
Bahasha hakuikataa, hakuiona:
aliitazama meza yote
kasoro pale ilipolala.
Akasoma ukurasa kwa ukurasa, kidole akikilowesha ulimini,
akafika sharti la kumi na saba, akanyanyuka.
"Nipeleke kwenye nyumba iliyo karibu zaidi."

Ni ya mama Nyaketcho.
Nilishika ncha ya utepe ukingoni mwa shimo,
yeye akautembeza kwenye mihogo.
Hamsini. Mia. Mia na thelathini na nane,
tukagonga mlango.
Kibali kinasema mia mbili.

Nikasema nilivyofundishwa:
huenda nyumba imesogezwa, madam.
Nyaketcho akacheka mpaka akakohoa.
"Nyumba haina miguu, mwanangu.
Shimo ndilo lenye meno."

"Mnalipua mara ngapi?"
Nikafungua faili: mara mbili kwa mwezi,
Jumatano, saa nane mchana, baada ya king'ora.
Nyaketcho hakubisha.
Aliusogeza mtungi wa maji tu,
na nyuma yake, ukutani,
mistari ya mkaa, mitano mitano, kama ua wa fito,
ikapanda, ikafika kwenye ufa,
ikauruka ufa, ikaendelea.

Mkaguzi alihesabu kwa ncha ya kalamu.
Nami nilihesabu, nikiombea bibi awe amekosea.
Mstari mmoja ulikuwa na duara.
"Na huu?"
"Siku hiyo jiwe lilipita batini. Likaua mbuzi."
Tarehe niliijua. Ukurasa niliujua.
*Matukio: hakuna.*
Mwandiko mzuri, watu huusifu.

Saa kumi na moja karatasi ilibandikwa getini:
kazi isimame hadi itakapoamriwa vinginevyo.
Obbo alikusanya kofia, akahesabu, akalaani,
akahesabu tena. Arobaini.
Nilikuwa nimeivaa moja
na hakuna aliyeniangalia kichwani.

Nje ya geti wanawake walikuwa wangali wanaponda,
jiwe juu ya jiwe, kipande cha tairi kikikinga vidole,
debe moja shilingi mia tatu.
Mawe yao ni mabaki yetu; tukisimama
yatawatosha siku tatu, labda nne.
Mmoja, mtoto mgongoni amelala katika kelele zile,
aliniomba nimsomee.
Nikasoma yote, hadi sahihi.

"Na sisi tumeandikwa wapi?"

Niliibandua karatasi.
Nikatazama mbele,
nikageuza nyuma.