Daftari la Mizani

Mama aliandika kwenye daftari la chama cha msingi,
lile la kupimia tumbaku, jalada gumu la kijani,
ambalo karani alilitupa baada ya msimu mbovu.
Lina safu tatu: DARAJA. UZITO. BEI.
Naye, aliyejua kusoma ukubwani,
kwa kibatari, mikono ikinuka moshi wa bani,
aliziheshimu.

Chini ya DARAJA: masika, sabini na mbili.
Chini ya UZITO: watoto wawili, sufuria, jembe bila mpini.
Chini ya BEI hakuandika kitu.

Ulimi wake wa Kirundi haukuijua L.
"Turirara porini," ameandika, "turikura mizizi,"
na kijiji chetu hiki ni Uryankuru
toka jalada hadi jalada.
Mwalimu wa kisomo alisahihisha kwa wino mwekundu
mpaka ukurasa wa tisa.
Kuanzia wa kumi hakuna wekundu.
Nadhani hapo ndipo alipoanza kusoma.

Ukurasa wa kumi ni Malagarasi.
Mto umejaa, matete yamelala,
wanawake kumi na mmoja wameshikana vitenge
pindo kwa pindo, kama ukili unaosukwa gizani.
Mmoja mgongoni, mmoja kifuani.
Katikati, fundo la mbele likalegea.
Hakuna neno "nililia". Kuna hili:
"Mgongo urikuwa mzito. Kifua kirikuwa chepesi."

Huku, karani wa kambi akauliza jina la mtoto.
"Butoyi."
Karani, Mnyamwezi wa Urambo, akatabasamu:
"Aa, pacha! Kwetu huyu ni Doto."
Akaandika Doto. Kisha kalamu ikasimama.
"Na Kulwa?"

Nimeulizwa hivyo kisimani,
kwenye foleni ya mbolea,
na bibi mmoja wa Kaliua aliyekuja kununua karanga,
na siku ya vyeti vya uraia, jina langu lilipoitwa kwenye kipaza sauti,
nusu ya umati ikageuka kumtafuta mwenzangu.
Kulwa hajambo?
Hajambo, nimejibu.
Ni neno fupi kuliko mto.

Tulimzika Mama Oktoba, vitalu vikidai maji.
Matanga yalipokwisha nikafungua ukurasa wa thelathini na moja:

"Asubuhi, ng'ambo, nirimfungua wa mgongoni.
Matope uso mzima. Warikuwa wanafanana.
Sikujua ni yupi.
Nikachagua Butoyi.
Mkubwa anaweza kuja duniani peke yake, watu wakanyamaza.
Mdogo razima aurizwe ariyemtanguria.
Nirikuwa nataka aurizwe."

Nikafunga. Nikafungua tena.
Nikaenda kujitazama kwenye maji ya pipa
kama mtu anayemchungulia mgeni mlangoni.

Aprili, soko la tumbaku.
Nimepanga marobota yangu mbele ya mizani.
Karani ni kijana, simu begani, sikio halipo.
"Jina?"
"Doto Ntirampeba."
Akaandika. Daraja, akaandika. Kilo, akaandika.
Kalamu haikusimama.

"Mama, tumemaliza. Anayefuata!"

Wa nyuma wananisukuma kwa mizigo yao,
nami nimesimama pale pale,
mkono juu ya mizani, sindano ikitetemeka,
nikisubiri aulize.